Salamu ya Jioni Bondeni

Editha alishuka mtoni kuchota maji wakati jua limekwisha kuzama nyuma ya mlima. Yeye na mumewe, Nickson, walitoka Morogoro asubuhi, wakapita Kilosa mjini, wakapanda hadi kijiji hiki cha bondeni kupumzika. Nyumba waliyopanga ilikuwa nzuri. Watu ndio hawakuwa wazuri.

Njiani alimsalimia mama mmoja mwenye mzigo wa kuni. Kimya. Akawaamkia wazee waliotoka shambani. Wakainamisha macho, wakampita kama wanavyopita kisiki. Yeye alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mtu wa kuamkiwa na watoto tangu getini. Moyo ulimuuma.

Akainama, akazamisha ndoo.

Harufu ikaja... harufu ya majivu yaliyolowa.

"Shikamoo," sauti ikasema nyuma yake. Nyembamba. Ya kitoto.

"Marahaba," akaitika bila kugeuka. Ni mazoea, na ni furaha pia: angalau mmoja ana adabu. "Hujambo?"

Akageuka.

Hakuwa mtoto.

Alikuwa bibi kizee, mgongo umepinda, kapiga goti kwa heshima. Alitabasamu. Katika ufizi mtupu jino moja jeupe lilikuwa likichomoza... polepole, Editha akiliona.

"Umepokea," bibi akanong'ona. "Wenzako wote hukataa."

Editha alitaka kukimbia. Magoti yakagoma. Mikono aliyoiinua ilikuwa imekunjamana, mishipa imemsimama. Yule mwingine alinyoosha mgongo, mfupa baada ya mfupa, ko... ko... ko... Akajitwika ndoo, akapanda kilima kwa uso na mwendo wa Editha, kitenge cha Editha kiunoni.

Editha akamfuata akijikokota. Alipofika mlangoni, Nickson alikuwa ndani anacheka, akimtania mkewe kwamba hewa ya milimani imemrudisha usichana.

"Nickson... ni mimi."

Mlango ulifunguka kidogo. Nickson alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mzee asiyemjua. Akamwita mwenye nyumba, Mama Mwanvua, aliyekaa ua wa pili, akamwambia kuna bibi amepotea, asaidiwe kufika kwake. Kisha akafunga.

Mama Mwanvua alikuja na tochi. Akammulika usoni. Akaishusha tochi upesi.

Alijua. Editha aliona kwamba anajua.

"Huku jua likizama hatuamkiani, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Humjui anayekutwisha umri wake. Nilimwonya mumeo mchana. Akacheka."

"Mwambie sasa, mama. Nakuomba."

Mama Mwanvua alitazama dirisha lenye mwanga. Nyuma ya pazia, mtu mwembamba alikuwa amesimama wima, anasikiliza.

"Nikimwambia, yule atatoka. Na mimi nina wajukuu." Akamshika Editha mkono, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Twende kwako."

"Kwangu ni hapa."

"Kwako ni kule chini."

Walishuka hadi njia ilipogawanyika. Hapo Mama Mwanvua akamwachia mkono, akazima tochi, akarudi mbio bila kuaga. Giza likafunga. Editha alisimama akilia, akijiambia hatakwenda, kwani hata nyumba ya yule bibi haijui ilipo...

Lakini miguu yake ilikwisha kuanza kutembea. Iliruka mzizi asioweza kuuona. Ikakata kona kabla ya korongo.

Ilikuwa inaijua njia.