Mate Kwenye Shavu la Mtoto

Haya kanisimulia Masuda mwenyewe, Ijumaa iliyopita baada ya sala, jikoni kwangu hapa mtaa wa Al Twar, huku ughaibuni, tukikuna nazi.

"Madam, nyuma ya mstari tafadhali," askari wa makumbusho alimwambia Masuda, siku alipomfuata mumewe kazini.

"Yule mle ndani ni mume wangu."

Askari, Mkenya aitwaye Everlyn, akamtazama juu mpaka chini. "Sir Humam? Miezi mitatu tunakunywa chai na yeye, hajawahi taja mke."

Neno hilo lilimchoma. Nyuma ya kioo, watu wakitazama, Humam, fundi wa kusafisha michoro ya kale, kainamia picha ya rangi ya miaka mia nne, mama kapakata mtoto, anaitoa weusi wa uzee. Kidoleni hana pete.

Masuda alikuja na neno moja tu. Tangu mtoto wao Rahaf afariki mwaka jana, Humam hajalitaja jina lake. Hata picha zake kaziondoa ukutani.

Akaandika ujumbe: "Niko hapa kwenye kioo. Na pete umeitupa? Nipe talaka yangu, khalas."

Simu ikamulika mezani. Humam hakuitazama. Alitia kijiti cha pamba mdomoni, akakilowesha, akafuta shavu la yule mtoto wa pichani. Taratibu.

"Anaitemea mate?"

"Hatemi, madam. Mate inatoa uchafu bila kuharibu rangi. Hata mimi nilishtuka siku ya kwanza."

Masuda akashika kioo. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akimfuta Rahaf uji shavuni, na Humam akimgombeza: "Mate tena? Maji si yapo!"

Humam akainua uso, akamwona. Akasoma simu. Akatoka.

"Pete hii hapa." Aliitoa mfukoni. "Huivua nisije nikaikwaruza picha."

"Na mwanangu? Yeye umemtupa?"

Humam akaifumba pete kiganjani.

"Niliogopa nikimtaja utalia, na mimi sijui kukunyamazisha."

"Nani kakwambia uninyamazishe? Ungelia na mimi, Humam!"

"Rahaf," akasema. "Rahaf wetu. Kila nikifuta shavu lile, namwona yeye."

Akalia pale pale, mbele za watu. Usoni alikuwa na doa jeusi. Masuda akalowesha ncha ya mtandio kwa ulimi, akamfuta.

"Mate tena?"

"Maji yako mbali."

Everlyn akageukia ukutani, akipangusa macho.

Jioni ile walizirudisha picha za Rahaf sebuleni. Humam akapitiwa na usingizi palepale zuliani, nyundo i mkononi. Masuda akaona picha moja imekaa upande. Ataiweka sawa kesho, inshallah. Akajinyoosha ubavuni mwa mumewe, akalala.