Alifika Mbele Yangu

Kiti cha wateja kilikuwa kimelowa. Mvua haikuwa imenyesha Magongo wiki nzima, dari ilikuwa kavu, na Nyamvula, karani wa ofisi, aliapa hakumwaga chai.

"Wakili, hebu njoo unuse," alisema.

Hafswa aliinama. Maji yalinukia kafuri na majani ya mkunazi. Aliinuka haraka, akamwambia Nyamvula akipanguse kile kiti, akarudi kwenye faili zake. Harufu ile huijua kila Mwislamu aliyewahi kumwosha maiti, na hakuna anayetaka kuitaja ofisini saa mbili za asubuhi.

Kesho yake kiti kililowa tena. Siku ya tatu pia, na safari hii maji yalikuwa na umbo: mapaja mawili na mgongo mdogo, mtu mfupi aliyekaa kwa adabu, magoti pamoja.

Hafswa alikuwa wakili wa nyumba na viwanja. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya anayeuza na anayenunua: kuipekua hati miliki kama ni ya kweli, kuandika mkataba, na kushuhudia kwa macho yake mawili kwamba mwenye nyumba ndiye huyu na ametia saini kwa hiari yake. Wazee wa Jomvu Kuu, alikozaliwa, walimletea hati zao zimeviringwa kwenye leso, wakamwachia bila hata kipande cha karatasi. Ni mtoto wetu, walisema. Hilo alijivunia kuliko shahada iliyotundikwa ukutani.

Siku ya nne, saa kumi za alasiri, Nyamvula alikuwa akisoma majina ya faili kwa sauti huku akizipanga kabatini.

"Raihana binti Zaid," alisoma.

"Abee," ikaitika sauti.

Ilikuwa sauti ya bibi mtu mzima, ya upole, kama anayeitwa kutoka jikoni. Nyamvula alidhani ni Hafswa, Hafswa akadhani ni Nyamvula, wakatazamana, na kila mmoja akauona mdomo wa mwenzake umefumba, na feni ikaendelea kuzunguka, na huko chini fundi wa baiskeli akaendelea kugonga chuma chake kana kwamba dunia haijageuka, na ile harufu ya kafuri ikapanda polepole kutoka kwenye kiti, ikawafika puani, ikawafika kooni, mpaka tone moja la maji likadondoka sakafuni, likafuatwa na jingine, na kiti kilikuwa kitupu.

Nyamvula akanong'ona, "Huyu si yule mama wa nyumba ya Jomvu, aliyefariki?"

"Alifariki baadaye. Alishatia kidole."

"Ulimwona akitia?"

Hafswa aliichukua ile faili, akaifunga.

Hakumwona. Hussam, mtoto wa kiume wa Bi Raihana, alikuwa amekuja Jumatano moja mwezi uliopita akisema mamake haziwezi ngazi. "Dada Hafswa, wewe ni wa nyumbani. Nipe hati ya uhamisho na wino, nimpelekee atie kidole, mnunuzi anangoja." Hafswa alikuwa na watu wanane barazani. Akampa. Alhamisi saa tatu asubuhi Hussam alirudi na hati, alama ya kidole gumba imekaa mahali pake, zambarau, imekatwa na kovu ambalo Hafswa alilijua tangu utotoni, la mbuzi ya kukunia nazi. Akagonga muhuri chini ya maneno haya: *Aliyetajwa hapo juu alifika mbele yangu siku hii, akakiri kuwa alama hii ni yake, na kwamba ameiweka kwa hiari yake.*

Ijumaa alisikia Bi Raihana amezikwa jana yake. Hakuuliza alifariki saa ngapi. Wakili mzima, anayelipwa kuuliza, hakuuliza.

Siku ile ya sauti, ndipo alipokwenda kuuliza. Fairuz, binti wa Bi Raihana aliyemuuguza mamake miaka sita katika nyumba ile, sasa alikuwa amepanga chumba kimoja Kisauni. Mnunuzi, Gershom, mtu mwema aliyelipa kila senti, alikuwa ameshahamia Jomvu na watoto wake.

"Mama alikataa," Fairuz alisema. "Jumatano usiku alimwambia Hussam, nyumba hii ni ya Fairuz, hana mume, hana pa kwenda. Alfajiri akafariki. Hussam akasema tutoke, anataka kumsomea Yasini peke yake."

Alizitazama kucha zake.

"Nilimwosha mimi. Kidole gumba chake nilikisugua mara tatu, mara tano, mara saba. Wino haukutoka, dada Hafswa. Kaenda nao kaburini."

Hafswa alitaka kuomba radhi, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno. Badala yake alimweleza kuhusu kiti. Alijuta papo hapo, kwa vile Fairuz alivyoinua uso.

Maalim Obeid, anayesifika kwa kutoa majini, aliletwa ofisini na chetezo chake. Hakukiwasha. Alikitazama kiti, akaomba kuisoma ile hati, akaisoma mara mbili.

"Si Bi Raihana," alisema. "Marehemu yuko kwa Mola wake. Huyu ni karini, jini aliyezaliwa siku moja naye na kutembea naye maisha yote. Sauti anayo, mwendo anao."

"Mtoe basi, Maalim."

"Mimi huwatoa waliovamia. Huyu hakuvamia. Umeandika kwa mkono wako kuwa amefika mbele yako, ukapiga muhuri. Basi amefika. Yakane uliyoyaandika, ataondoka."

"Nikiyakana nitafutwa uwakili."

"Hilo si la chetezo," alisema Maalim, akavaa viatu vyake.

Kesho yake Fairuz alikuja saa kumi kasorobo. Alisalimu, akakaa sakafuni kando ya kiti. Saa kumi ilipofika, harufu ikaja, na Hafswa kutoka mezani kwake akamwona yule mwanamke wa miaka arubaini akiinamisha kichwa taratibu na kukilaza hewani, kikatulia pale pale bila kuegemea kitu, na ushungi wake ukaanza kulowa kutoka shavuni kwenda shingoni, na nywele zake zikasogezwa nyuma ya sikio na mkono usioonekana, mara moja, mara mbili, huku mnong'ono mdogo kama fagio la chelewa juu ya mchanga ukienda na kurudi, na Nyamvula nyuma ya kabati akimwita Yesu, na Fairuz, aliyefumba macho, akitabasamu.

"Usimfukuze," alisema alipoinuka. "Niachie siku chache."

Akaja kila siku. Hafswa alijiambia anamwachia kwa huruma. Uongo. Aliuogopea muhuri wake. Siku ya tisa alimshika Fairuz mkono kumwinua, akauhisi baridi kama mkono uliotoka majini, kucha zimegeuka buluu, mifupa ya kiganja ikihesabika.

"Hutatoka kwake mzima," Hafswa alimwambia.

"Nani kasema nataka kutoka?"

Usiku ule Hafswa hakulala. Asubuhi alivuka kwenda mjini kwa wakili asiyemjua, akasimama kama mteja yeyote, akaapa kwamba Raihana binti Zaid hakufika mbele yake, hakukiri lolote, na kwamba yeye Hafswa alishuhudia asichokiona. Nakala moja akaipeleka ofisi ya ardhi. Nyingine akaipeleka kwa wanaowasimamia mawakili, akaiweka mezani pamoja na muhuri.

Saa kumi kasorobo Fairuz aliingia, akakaa mahali pake. Saa kumi ikafika. Huko chini fundi aligonga chuma chake. Ikafika kumi na moja.

"Leo amechelewa," Fairuz alisema.

Hafswa alishuka kitini, akakaa naye sakafuni, akampa nakala ya kiapo. "Nyumba itarudi kwa jina la mamako, na Hussam atajibu. Itachukua muda. Gershom naye ana haki yake, nitasimama mahakamani niseme kosa ni langu. Lakini itarudi, Fairuz. Utalala kwenu."

Fairuz alisoma mpaka mwisho. Alikuwa akisoma polepole, kidole chini ya kila mstari.

"Uliapa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne nilikuwa nafua." Aliikunja karatasi mara mbili. "Ungenambia nije kwanza."

"Maalim alisema si mamako."

"Najua si mama. Mama nilimvisha sanda mwenyewe." Aliangalia mlango, kisha akaacha kuuangalia. "Lakini tangu tumzike, dada Hafswa, ni yeye peke yake aliyekuwa akiniuliza kama nimekula."