Viazi vya Mwezi Mwandamo

Mwatumu alikuwa na mapengo mawili. Yalikuwa mbele, juu, katikati kabisa.

Bibi yake alikuwa na jino moja. Lilikuwa huko nyuma, peke yake, kama mlinzi wa geti.

Nyumbani kwao Tanga, mwezi wa Idi ukiandama, kila mtu hula kitu kitamu.

Hatibu, kaka yake Mwatumu, hutafuna kashata. Kra! Kra! Kra!

Mama hutafuna visheti. Kacha! Kacha! Kacha!

"Na mimi je?" aliuliza Bibi. "Kwa jino moja hili, nitatafuna ulimi wangu?"

"Usile ulimi, Bibi!" alisema Mwatumu. "Nitakupikia viazi vitamu vya nazi. Laini!"

Bibi akacheka. "Haya, mke mwenzangu. Leo jikoni ni kwako." Hivyo ndivyo Bibi alivyomwita Mwatumu, kwa utani.

Mama akamenya viazi. Mwatumu akaviosha. Chubwi! Chubwi! Vikaingia kwenye maji.

Kisha Mama akakaa juu ya mbuzi. Mbuzi ile hailii mee. Ni kigoda cha mti, chenye ulimi wa chuma na meno makali, cha kukunia nazi.

Kwaru, kwaru, kwaru! Nazi ikadondoka, nyeupe kama pamba.

"Tazama," alisema Bibi. "Hata mbuzi ina meno mengi kuliko sisi!"

Mwatumu akakamua nazi. Tui la kwanza likatoka, zito. Akaliweka kando.

Akatia maji, akakamua tena. Tui la pili likatoka, jepesi. Hilo likaenda kwenye sufuria, pamoja na viazi na chumvi kidogo tu.

Toko, toko, toko. Viazi vikachemka.

Jua likazama. Adhana ikasikika. Wakafungua saumu kwa tende na uji, haraka haraka.

Hatibu akakimbia nje, kutazama mwezi.

Bibi akafunua sufuria. Viazi vimeiva! Akamimina tui zito. Akatia sukari. Akatia iliki. Mmm!

"Sasa sikiliza, mke mwenzangu. Mimi na mama yako tunakwenda kuswali. Wewe koroga. Tui zito halipendi kuachwa peke yake."

Na Bibi akamwimbia:

"Koroga, usichoke,
tui lisikatike!"

Mwatumu akakaa kwenye kigoda. Akashika mwiko kwa mikono miwili.

Koroga, usichoke,
tui lisikatike.

Mara sauti ikatoka nje. "Mwezi! Mwezi! Mwatumu, njoo uone mwezi!"

Alikuwa Hatibu.

"Siwezi!" alijibu Mwatumu. "Nakoroga!"

Koroga, usichoke,
tui lisikatike.

"Unazama huo! Njoo, kibogoyo!"

Mwatumu akatazama sufuria. Akatazama mlango. Akatazama sufuria.

Nitachungulia tu, aliwaza. Kidogo tu.

Pu, pu, pu! Akatoka mbio, mwiko mkononi.

Watoto wote wa mtaa walikuwa nje. Walipouona mwiko, wakacheka. "Mwatumu, unataka kuupika mwezi?"

"Uko wapi?" aliuliza Mwatumu.

"Kule! Juu ya paa la kina Mwanjaa!"

Akauona. Mwembamba, mweupe, kama ukucha uliokatwa. Mzuri! Mwatumu akasahau kila kitu.

Tone!

Kitu cha moto kikadondoka kwenye kidole chake cha mguu. Kilitoka kwenye mwiko. Kilikuwa tui.

"Tui langu!"

Pu, pu, pu, pu! Akarudi mbio.

Lo! Juu yalielea mafuta. Chini yalikuwa maji. Katikati vilielea vipande vyeupe, vidogo vidogo. Tui lilikuwa limekatika.

Mwatumu akakoroga. Akakoroga sana. Tui halikurudi.

Bibi akaja, kanga ya kuswalia bado kichwani.

"Bibi," alisema Mwatumu, na machozi yakamtoka. "Nimeliacha tui. Nimekwenda kuona mwezi. Sasa huna kitamu chochote!"

Bibi akainama, akatazama sufuria.

"Mwezi umeandama?"

"Umeandama."

"Mwembamba?"

"Kama ukucha."

"Basi kesho Idi," alisema Bibi. "Nipe kipande nionje."

Bibi akatia kiazi mdomoni. Kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Kikalitafuta lile jino moja, kisilipate. Pwichi! Kiazi kikaruka, kikaangukia sahani.

Bibi akacheka. Mwatumu naye akacheka, machozi bado mashavuni.

"Kinateleza," alisema Bibi. "Ni laini, lakini kinanikimbia!"

Mwatumu akakibonyeza kile kiazi kwa mwiko, kisikimbie tena. Fyu! Kikapondeka. Akakimwagia tui kidogo, lile lililokatika.

Kiazi kikalinywa tui lote. Hakuna maji. Hakuna mafuta. Hakuna vipande.

Mwatumu akakodoa macho. "Bibi! Tuviponde vyote!"

Bibi akaipua sufuria, akaishika sana. Mwatumu akaponda. Na safari hii wimbo aliutunga yeye:

"Ponda tu, usichoke,
vidonge viondoke!"

Fyu, fyu, fyu.

Ponda tu, usichoke,
vidonge viondoke!

Mama akaja, akaponda kidogo. Bibi akaponda kidogo. Viazi vikawa laini, vya manjano, vinanukia iliki.

Hatibu akaingia. Akachungulia. "Hiki nini? Uji wa vibogoyo?"

"Onja kwanza," alisema Mwatumu.

Hatibu akaonja. Akasogeza bakuli lake. "Niongeze."

"Sema, 'Tafadhali, kibogoyo,'" alisema Mwatumu.

"Tafadhali, kibogoyo," alisema Hatibu.

Lakini Mwatumu alikuwa akimtazama Bibi.

Bibi akatia kijiko mdomoni. Akafumba macho. Hakutafuna. Hakuna kilichoruka. Akameza, akalamba kijiko mbele, akakilamba nyuma.

"Mke mwenzangu," alisema Bibi, "umeniachia kidogo hapo chini?"

Mwatumu akampa bakuli la pili. Na Bibi akalimaliza.

Usiku ule gauni la Idi lilining'inia ukutani. Mwatumu alilala kitandani kwa Bibi, ulimi wake ukichezea mapengo.

"Bibi, mwakani meno yangu yatakuwa yameota."

"Na langu litakuwa limeng'oka," alisema Bibi.

"Usijali. Nitakupondea tena."

"Na mwezi je?"

Mwatumu akafikiri. "Tutalipeleka jiko la mkaa nje. Nitakoroga huku natazama."

Bibi akacheka polepole, akamfunika kanga.

Mwatumu akaanza kuimba, kwa sauti ndogo, ndogo sana:

"Ponda tu, usi..."

Akalala.