Alichosema Mkalimani

Namba themanini na sita iliitwa mara tatu pale ofisi za jiji, na mwenye namba hiyo alikuwa ameketi benchi la mbele kabisa, kikaratasi mkononi, akiwatazama watu wanavyogeuza shingo. Hakuwa na kiburi. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka, na gauni lake la bluu lilikuwa na doa la njano begani ambalo alikuwa ameligundua akiwa tayari amefika mjini.

Karani alikuwa anafungua mdomo aite namba inayofuata, ndipo kijana mrefu mwenye shati jeupe aliposimama mbele ya binti akaongea kwa mikono.

"Themanini na sita ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi kimbia, kabla hawajakupa tarehe ya mwakani."

Binti akacheka. Kijana hakuondoka kama mtu aliyekwisha kutoa sadaka yake. Alisubiri hadi mwisho, akamuuliza kama karani amemjibu kile hasa alichouliza. Hilo ndilo lililomwingia binti moyoni.

"Umejifunza wapi alama?"

"Mama yangu ni kiziwi. Hii ndiyo lugha niliyonyonya. Sasa mimi ni mkalimani hapa hapa ofisini."

Viziwi humpa mtu jina kwa kile wanachokiona. Kijana alibonyea shavu la kushoto kila alipocheka, basi binti akamwita Kishimo. Naye kijana, kwa lile doa la rangi, akamwita Rangi. Miezi minne ikapita, simu ya video ikiegemezwa kwenye kopo la rangi katika karakana ya binti.

"Umekula?" Rangi aliuliza.

"Nakula kwa macho, mpenzi."

"Angalia usivimbiwe."

Jiji hilo lilikuwa na mji rafiki ng'ambo, na mwaka huo urafiki wao ulihusu jambo moja: kuwafundisha watu kuishi vizuri na wenzao wenye ulemavu. Wageni wangefika Alhamisi. Mkataba ungetiwa saini ukumbini, na mkazi mmoja asiyesikia angezungumza kwa dakika tano. Akachaguliwa Rangi.

Alikuwa na jambo moja tu la kusema. Dada yake, kiziwi kama yeye, mwaka uliopita alikwenda kuchukua dawa hospitali akiwa mjamzito. Mgawa dawa alimweleza huku ameinamia daftari, midomo haionekani. Dada akanywa dawa za wiki nzima kwa siku mbili. Mimba ikatoka.

Rangi alimwomba ruhusa. Dada alikaa siku nzima bila kujibu, kisha akasema, "Waambie. Ila usinipambe."

Jumatatu wakafanya mazoezi. Mstari wa mbele alikaa mkuu wa itifaki, mama wa makamo mwenye suti ya kijani na miwani iliyoning'inia kifuani. Shangazi, aliyewalea Rangi na dada yake, alikaa nyuma na mkoba wake magotini. Rangi akasimama, mikono ikaanza. Kishimo kando yake akawa anayageuza maneno kuwa sauti.

Alipofika kwenye mimba, mkuu wa itifaki alitabasamu.

Rangi akadhani hakuona vizuri. Akatazama wengine. Nao walikuwa wanatabasamu, mmoja anaitikia kwa kichwa kwa furaha. Mtu haambiwi mimba imetoka akaonyesha meno. Alimaliza hotuba yake akimtafuta shangazi kwa macho.

Nyumbani alimkabili shangazi, ambaye yeye husikia, na aliongea na mabinti hao kwa alama za nyumbani, nyingine za kubuni mwenyewe.

"Shangazi, Kishimo alisema nini?"

"Alisema vizuri tu, mwanangu. Vua viatu upumzike."

"Kuhusu dada. Alisema nini?"

Shangazi akakunja leso, akaikunjua. "Alisema dada yako alipata changamoto kidogo hospitali, lakini wakamhudumia, na anashukuru."

Anashukuru! Rangi akachukua simu.

"Mpenzi, nilikuwa nataka kukupigia," Kishimo alianza.

"Dada yangu anamshukuru nani?"

Kishimo akainua kiganja. "Nisikilize kwanza. Mkuu wa itifaki aliniita asubuhi, hotuba yako ameshaisoma. Alisema ukisema yale, jina lako linatolewa. Nikaona bora usimame kuliko usisimame kabisa."

"Na mkataba wako wa kazi?"

"Nao alinikumbusha. Unaisha mwezi huu."

"Watu wameniziba mdomo tangu nizaliwe, Kishimo, nimezoea. Lakini wewe umeniziba kwa ulimi wako, na mimi nimesimama pembeni nakuchekea!"

"Rangi, tafadhali..."

Akaifunika simu juu ya meza. Taa yake iliwaka na kuzima hadi shangazi akaiwekea mto juu. "Itaunguza meza," alisema, ingawa alijua haiunguzi.

Siku ya Jumanne hakupokea simu. Jumatano mchana Kishimo akatokea mlangoni mwa karakana, macho mekundu. Rangi alikuwa kwenye ngazi anamalizia bango la kinyozi. Akashuka, akamtazama, akafumba macho.

Kiziwi akikufumbia macho, amekufungia mlango. Kishimo hakumgusa wala hakupiga sakafu kwa mguu ili ahisi mtikisiko. Alisimama tu. Rangi alisikia harufu ya sabuni yake imechanganyika na ya rangi ya mafuta, akakaza kope. Alipozifumbua, kijana alikuwa palepale, jasho linamtiririka kwenye kola.

"Nimekosa," alisema. "Sina la kupamba. Nimekwenda kwa dada yako nikamwambia mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Alinipa maji ya kunywa. Halafu akaniambia nitoke."

Rangi nusura acheke, akajizuia. "Kesho nitajuaje unachosema?"

"Hutajua. Ukitaka, niseme naumwa, watafute mwingine."

"Watampata wapi? Mkalimani ni wewe peke yako jiji zima." Akarudi kwenye ngazi. "Njoo kazini. Usije kama mchumba."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Rangi alivaa gauni jeusi lisilo na doa. Dada yake alikaa kati ya shangazi na mlango, tayari kuondoka. Mkuu wa ujumbe wa wageni alikuwa mwanamke mwenye mvi na fimbo nyeupe ya wasioona, na karibu naye mtu wa kumnong'onezea kwa lugha yao.

Rangi akaanza. Alieleza dirisha la dawa. Alieleza kichwa kilichoinama, midomo isiyoonekana. Hakumwangalia Kishimo hata mara moja, aliangalia nyuso. Akasema mimba ilitoka.

Mnong'onezaji wa mgeni aliacha kunong'ona kwa kitambo, kisha akaendelea polepole. Mgeni akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Mkuu wa itifaki akasimama. Akamtazama Kishimo na kupitisha kidole shingoni: kata. Midomo ya Kishimo haikusimama. Mama yule akamgeukia fundi mitambo, na taa ndogo nyekundu ya kipaza sauti ikazimika.

Mikono ya Rangi ikasita hewani. Sasa, aliwaza, sasa atanyamaza.

Kishimo akaweka kipaza sauti chini. Akafungua mdomo wazi, mishipa ya shingo ikamsimama kama kamba, kifua kikapanda na kushuka, na watu wa mstari wa nyuma kabisa wakainua vichwa. Alikuwa anapiga kelele. Rangi akamaliza hotuba yote, na dada yake hakuondoka.

Mgeni akauliza swali moja: dirisha lile leo likoje? Meya wa jiji akamwita mkuu wa itifaki pembeni. Saini zikangoja saa mbili, hadi kilipoandikwa kwa kalamu kifungu kimoja cha nyongeza: wakalimani katika kila hospitali ya jiji.

Kishimo hakukiona kikiandikwa. Alikuwa ameitwa ofisini na kuambiwa mwisho wa mwezi arudishe funguo.

Rangi alimkuta kwenye benchi nje ya ukumbi. Mfagiaji alikuwa amemletea kikombe cha maji ya uvuguvugu bila kuombwa.

"Umekunywa?" Rangi aliuliza.

Kijana akagusa koo lake, akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa imekwisha yote. Akajaribu kusema kwa mkono mmoja, kikombe kikamwagika kidogo gotini.

Rangi akakipokea, akamshikia. Mikono miwili ilipopata nafasi, Kishimo alisema polepole, kama mtu anayeogopa kukosea kutafsiri:

"Sina kazi kuanzia mwezi ujao. Na nina kosa ambalo hutalisahau. Nikija na wazee wangu kwa shangazi yako, utanifungulia?"

Rangi alimtazama muda mrefu bila kufumba macho. Kikombe kilikuwa bado mkono wa kushoto. Ndiyo yake ilitaka mkono mmoja tu, akauinua.