Aliyeuzwa Dirishani

Siku chache baada ya kurudi kutoka hospitali, Smaranda alimsikia mtu akigumia nyuma ya jiko la kuotea moto. Sauti ile aliijua, ilikuwa yake mwenyewe. Ndivyo alivyogumia kila mwezi chooni, taulo katikati ya meno, tangu alipovunja ungo. Lakini sasa alikuwa kitandani, mdomo kaufumba.

Daktari Hriscu wa mjini ndiye aliyeugundua ugonjwa. Nyama ya tumbo la uzazi ilikuwa imeota mpaka kwenye utumbo, ikaukaba. Alikata kipande kilichoharibika, akaunganisha ncha mbili, akamwekea mfuko wa choo ubavuni kwa muda, mpaka mshono wa ndani upone. Kabla ya upasuaji alimuuliza mama yake, "Na wewe mama, uliwahi kuumwa hivi?"

"Mimi? Hata siku moja," alijibu Aglaia, akivuta kitambaa chake cha kichwa. Na ndiye huyo aliyemwambia binti yake miaka nenda rudi, "Acha kudeka, ndiyo uanamke huo."

Sasa Aglaia aliketi kando ya kitanda na bakuli la supu.

"Mama, nani yuko nyuma ya jiko?"

"Paka."

"Hatuna paka, Mama."

"Basi wa jirani. Kunywa supu."

Akamtia kijiko mdomoni kabla hajauliza tena.

Tangu hapo sauti haikutulia. Ilihamia chini ya kitanda, ikapanda ukutani, ikaja na harufu ya damu mbichi. Adhuhuri moja, ukungu umejaa uani, Smaranda alikuwa akiumwaga mfuko wake kama wauguzi walivyomfundisha, akahisi pumzi ya moto karibu na mshono, kisha vidole asivyoviona vikaanza kupapasa bandeji, taratibu, vikienda na kurudi, vikitafuta pa kuingilia kama mpangaji aliyekuta kufuli limebadilishwa, naye akapiga yowe lililosikika mpaka nyumba ya pili.

Bibi Profira, jirani aliyezoea kuwaombea watu waliopagawa, aliingia bila hodi. Alinusa tu, akapiga ishara ya msalaba.

"Samca," alinong'ona. Wanawake wote wa kijiji walimwogopa jini jike huyo, anayefanya makao matumboni mwao. "Daktari kamvunjia nyumba, anataka kurudi. Ila huyu haingii bila kupewa. Aglaia, ile siku Smaranda alipougua uchangani, ulimuuza kwa nani?"

Kwao, mtoto mchanga akizidiwa huuzwa dirishani. Mama humtoa nje, mwanamke mwenye afya humpokea kwa sarafu, kisha humrudisha kwa kupitia mlangoni, na maradhi hushindwa kumtambua tena. Lakini mnunuzi lazima aonekane uso na ataje jina lake.

"Kulikuwa na ukungu," alisema Aglaia. "Mikono ikaja. Nikadhani ni wewe."

"Mimi nilichelewa! Ukaniambia mtoto kashapona, nirudi zangu."

"Mama," aliuliza Smaranda polepole, "uliuliza jina?"

Aglaia alijifunika uso. "Nilijua siye Profira. Sauti iliniambia, nipe huyo nikuache wewe. Nilikuwa natokwa na damu chooni kama wewe, mwanangu! Nikakupa. Kesho yake nikaamka mzima."

Smaranda hakulia. Alikumbuka kila mara alipoambiwa aache kudeka, akaona heri kisu cha daktari.

"Mnunue tena mwanao," alisema Profira. "Dirisha lile lile. Mpokee, useme ni wako. Hakuna mwingine awezaye."

"Atanirudia mimi?"

"Huenda. Lakini daktari aliyemtibu mwanao yupo, atakutibu na wewe."

Aglaia alitoka nje na sarafu yake. Smaranda akasimama dirishani, mkono mmoja kwenye mshono, mwingine kaunyoosha nje kwenye ukungu, na nyuma yake kile kitu kikaanza kugumia, kikasogea, kikamgusa kisogo, harufu ya damu ikajaa chumbani mpaka akashindwa kupumua, na bado akaunyoosha mkono.

"Sema, Mama. Sema mimi ni wako."

Aglaia aliutazama mkono ule. Akakitazama kilichosimama nyuma ya mwanawe. Akaingiza mikono yake mifukoni mwa aproni.

"Nisamehe, mwanangu. Maumivu yale siyawezi tena."

Akausukuma mkono ule ndani, akalisukuma dirisha likafungwa, akaliegemea kwa mgongo lisifunguke.