Milaya ya Lilly na Vipokezi Viwili

Kosa ni langu, nakubali. Asubuhi, nikitafuta kitu cha kufundishia, nilichomoa shuka kwenye sanduku nikidhani ni la mke wangu. Kumbe ni milaya ya Lilly, mpwa wangu tunayeishi naye, na mwanafunzi wangu hapa chuo cha uuguzi, mtaa wa Malakia. Alikuwa anaidarizi kwa siri, ya siku atakayoolewa.

Nikaitandaza sakafuni mbele ya darasa zima.

— Huu ni utando wa seli! Mogga, vua viatu, panda hapa. Wewe ni kipokezi.

Mogga akapanda. Akatazama chini, akaganda. Katikati ya ndege wawili wa uzi mwekundu pamedariziwa: LILLY NA MOGGA.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Lilly akatoka mbio.

Meseji ikaingia: "Mjomba umeniaibisha. Kesho napanda basi narudi Arua kwa mama. Kalas, imeisha."

Nikawatuma wengine wakanywe chai, nikampigia Lilly simu.

— Mama, njoo uchukue milaya yako.

— Mogga ametoka?

— Ametoka, nikadanganya.

Nikamgeukia Mogga, bado amesimama juu ya milaya.

— Unampenda ama humpendi?

— Nampenda, Mwalimu. Lakini mimi iko na aibu. Nilikuwa nangoja yeye aseme.

— Na yeye anangoja wewe! Ya zol, kijana wangu, kipokezi kama hiki kikiwa peke yake ni bubu. Mjumbe akija nje ya seli, anashika viwili, anavisogeza pamoja. Hapo kila kimoja kinakibandika chenzake fosfeti, hakiwezi kujibandika chenyewe, ndio habari inaingia ndani.

— Mjumbe ni nani?

— Si ni mimi, mzee mwenye kitambi!

Lilly akaingia, macho mekundu.

— Mjomba, si umesema ametoka?

— Malesh, nisamehe mama.

— Mogga, toka kwenye milaya yangu.

— Sitoki. Jina langu iko hapa.

— Unanicheka?

— Nicheke nini? Nakupenda, Lilly. Ukienda Arua, nakuja na wazee wangu kukuposa huko huko.

Mezani kulikuwa na vikaratasi vya kunata, ndio fosfeti zangu za somo. Mogga akanyoosha mkono, akachukua kimoja, akambandika Lilly begani.

— Na mimi je? Mwalimu amesema siwezi kujibandika mwenyewe.

Lilly akacheka huku analia. Akavua sandali, akapanda, akambandika chake kifuani. Mkono akauacha hapo hapo.

— Na basi la kesho? nikauliza.

— Basi gani, Mjomba?

Chai imeisha, darasa limejaa dirishani linapiga vigelegele. Wale wawili wamesimama tu juu ya ndege wao.

— Haya wanangu, shukeni basi niikunje.

Hakuna aliyesogeza mguu.

— Jamani, si nawaomba?