Mpangaji wa Taya

Pengo lilikuwa kushoto, maumivu yakawa kulia. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona fundi cherehani, na kwa uchovu aliokuwa nao hakulitilia maanani. Kang'olewa gego, kashonwa fizi, kameza vidonge. Nani ana nguvu ya kubishana na taya lake mwenyewe? Ila aliamka kinywa kimechoka kama cha mtu aliyetafuna mua usiku kucha, na mate yake yalinuka nguo iliyofungiwa sandukuni.

"Umelala mdomo wazi," alisema mama mkwe wake. "Kunywa uji, uende kazini."

"Mama, hata kijiko hakipiti."

"Ashukuriwe Mungu! Leo hakuna wa kunijibu."

Wakacheka, yeye kwa pua tu, maana kucheka kulimuuma.

Daktari wa meno alichungulia kwa tochi yake ndogo, akasema kidonda kinapona vizuri. "Unasaga meno usingizini, dada. Ni mawazo hayo." Akamwambia alikande taya kwa kitambaa cha moto, ale vitu laini, na kila asubuhi asimame mbele ya kioo afungue kinywa polepole na kukifunga. "Na hukuweka kitu kinywani, kama nilivyokukataza?"

"Sijaweka."

Wala hakudanganya. Mtu aliyeshona tangu usichana wake haihesabu pini kuwa kitu. Alipotoka kung'olewa alikwenda moja kwa moja kazini, ganzi bado haijaisha, kwa sababu bibi harusi alikuwa anamngoja amalizie gauni. Pini zikamwishia. Akanyoosha mkono ukutani, akachomoa zile za gauni la kijani lililotundikwa pale, ambalo mwenyewe alilijaribu mara moja tu, akafariki kabla hajarudi kulichukua, akazibana kwa midomo upande wa pengo, damu bado mbichi. Mafundi wote hufanya hivyo. Nani ana mkono wa tatu wa kushikia pini?

Basi akakanda. Akanywa uji mpaka akauchukia. Asubuhi moja alikuwa mbele ya kioo akifungua na kufunga, na alipoona inatosha akaacha, lakini taya halikuacha. Liliendelea kushuka na kupanda, taratibu, kama la mtu anayeonja chakula asichokijua, naye akalishika kwa mkono wa kulia, kisha kwa mikono miwili, na bado likatafuna ndani ya viganja vyake, huku macho yake kwenye kioo yakimtazama kwa hofu na harufu ya sanduku ikijaa chumba kizima.

Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Aliyesema ni bintiye wa darasa la kwanza, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja tangu baba mtu aende safari ya kikazi. "Mama, jana ulikuwa unakula nini bila kunigawia?"

"Sikula kitu, mwanangu."

"Ulikula. Kru, kru, kru. Mpaka nikalala tena."

Kesho yake fundi alifumbua macho alfajiri, akakuta msuko wa mtoto uko kati ya meno yake, umelowa, umekatika nusu, na sikio la mtoto liko karibu kabisa. Akatoka kitandani, akaenda kumwamsha mama mkwe.

"Mama, nitamng'ata mwanangu. Wallahi nitamng'ata."

Mganga alikuja jioni, bwana mnene mwenye mafua, mfuko wa plastiki mkononi, akaomba kiti kabla salamu hazijaisha. Akawasha ubani. Moshi ulipomfikia fundi, taya lilifunguka lenyewe, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kuchoka kuliko hata yake.

"Nilikaa kwa yule wa gauni la kijani miaka mingi. Kafa. Mlitaka nikae wapi, kwenye pini?"

"Toka," alisema mganga.

"Nionyeshe pa kwenda."

Mganga akapenga kamasi, akawageukia wenyeji, akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna mwingine humu ndani mwenye kidonda kibichi kinywani?"

"Mimi mapengo yangu ya zamani," alisema mama mkwe. "Yamekauka."

Mlango ukafunguka kidogo. Mtoto alichungulia, akatabasamu kwa majivuno: jino la mbele lilikuwa limeng'oka mchana ule shuleni, na fizi ilikuwa bado nyekundu.

Taya la fundi likaacha kutafuna. Kichwa chake kikageuka polepole kuelekea mlangoni, bila yeye kutaka.

"Pepo hili likitoka litaingia pale," alinong'ona mganga.

"Nimchukue mjukuu wangu twende mbali!"

"Litamfuata. Limelala naye, linaijua harufu yake."

"Basi tungoje kidonda kipone."

"Mama, mtoto wa umri huo, pengo hili likipona, jino lile linalegea. Mtangoja miaka."

Fundi alikuwa amechoka hata kulia hawezi. Alilishika taya kwa mikono yote miwili, akaugeuza uso wake kwa nguvu ukatazama ukuta.

"Zima ubani," alisema. "Mtoto atalala kwa bibi yake, na mlango ufungwe kwa ufunguo."

"Dada, maumivu haya utayaweza?"

"Nitayaweza. Ni mwanangu." Kisha akaliambia taya, kama anavyomsemesha mteja msumbufu, "Kaa hapa hapa. Uji utapata, kukandwa utakandwa. Tafuna utakavyo. Yule usimguse."

Likakifungua kinywa chake tena.

"Sawa," lilisema. "Mimi sina haraka. Bado ana meno mengi ya kung'oka."

Likaanza kutafuna. Mama mkwe akainuka, akaenda kuchemsha maji ya kumkandia.